Shauri ni la nani?



Mwezi huu twaomba tuketi pamoja kulitazama neno moja dogo ambalo sote twalitamka kila siku, nyumbani, sokoni, njiani, hata mlangoni pa kanisa. Neno hilo ni shauri. Twalitumia mara nyingi hata hatulisikii tena, kama vile mtu akaaye karibu na mto asivyousikia mvumo wa maji. Lakini maneno yana safari zao kama watu walivyo na safari zao: hutoka mahali, hupita mahali, na mengine hupotea njiani. Neno hili limesafiri mbali, na sisi twaona ya kuwa safari yake yatuonyesha jambo juu ya mioyo yetu wenyewe. Swali letu ni hili: watu wawili wakigombana, shauri lile ni la nani? Je, ni lao peke yao, au ni letu pia?

Kwanza tutazame asili yake. Shauri si neno la Kibantu. Lilikuja pwani kutoka katika lugha ya Kiarabu, nasi tukalipokea kama tulivyopokea habari, safari na saa. Wenye kuichunguza lugha ile waeleza kwamba shina la neno hili latumika pia kwa kazi ya kutoa asali mzingani. Basi kumwomba mtu shauri kwafanana na kutoa asali: jambo jema limo ndani ya mtu, limefichika, nawe yakupasa kulitoa kwa taratibu. Sisi watu wa mlimani tumezoea kuona mizinga imetundikwa mitini. Twajua ya kuwa mtu hapandi juu ya mti na kuupiga mzinga kwa fimbo. Huenda wakati wa utulivu, amechukua moshi, na mkono wake huingia polepole. Afanyaye haraka hapati asali, hupata miiba ya nyuki.

Katika Kiswahili maana hiyo ya kwanza ingaliko. Shauri ni wazo lililopimwa, au nia iliyofikiwa baada ya watu kusemezana. Kutoka hapo tumepata mshauri, ushauri na mashauriano. Nabii Isaya, alipotabiri habari za mtoto atakayezaliwa, aliyataja majina yake, na mojawapo katika Biblia yetu ni Mshauri. Tena Zaburi ya kwanza yatuonya juu ya shauri la watu wabaya, maana watu waweza kuketi na kupatana katika uovu pia. Lakini liwe jema au liwe baya, shauri katika maana hii lilikuwa jambo la watu waliokaa pamoja. Hata yule aliyekata shauri peke yake, twasema amefanya shauri na moyo wake, kama kwamba moyo ni mtu wa pili aliyeketi naye.

Neno halikukaa hapo. Watu wawili waliposhindana juu ya mbuzi, au mahari, au shamba, wazee wao walikutana kufanya shauri. Kidogo kidogo jina la kikao likahamia kwenye jambo lenyewe lililowakutanisha, na ule ugomvi ukaitwa shauri. Mambo kama haya hutokea katika lugha. Neno baraza lilikuwa jina la kikalio cha mawe au cha udongo mbele ya nyumba; kisha likawa jina la watu waketio pale; na leo twasema Baraza la Mawaziri, ingawa mawaziri hawaketi nje ya mlango wa mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa shauri. Mtu akasema, "Nina shauri na jirani yangu," na maana yake haikuwa kwamba wanashauriana, bali kwamba wamekosana.

Huku kwetu maana hii ya pili ilipata nguvu zaidi katika wakati wa Wajerumani. Walipigana na Mangi Sina wa Kibosho katika mwaka 1891, kisha na watu wa Moshi chini ya Mangi Meli katika 1892 na 1893. Na tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi pamoja na wengine. Wakuu wao waliketi bomani kusikiliza madai ya watu. Na kwa kuwa walitumia Kiswahili katika utawala wao, walilichukua neno letu hata likaingia katika Kijerumani chao, wakaliandika Schauri. Kwao lilikuwa jina la kikao cha kusikiliza madai, tena jina la maneno marefu yasiyokwisha. Waingereza walipouteka mji wa Moshi mwezi wa Machi 1916, walikuja na neno lao, nasi tukapata kesi. Hilo nalo shina lake ni la Kilatini, lenye maana ya kuanguka, yaani jambo lililomwangukia mtu. Lakini kesi halikulifukuza shauri. Hata leo mahakamani husemwa shauri la madai na shauri la jinai.

Msidhani ya kuwa ni Kiswahili tu kilichopita njia hii. Katika Kiebrania neno rib lina maana ya ugomvi, na pia maana ya daawa mbele ya waamuzi. Kutokana nalo lilipatikana jina la Meriba, mahali pale wana wa Israeli walipomteta Musa kwa ajili ya maji. Neno hilo hilo latumika katika habari ya wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Lutu, tena katika habari ya wachungaji wa Gerari walioshindana na wachungaji wa Isaka kwa ajili ya visima. Isaka alikiita kisima kimoja Eseki, yaani ugomvi, na kingine Sitna, yaani uadui. Lakini kile ambacho hakikugombaniwa alikiita Rehobothi, yaani nafasi. Waingereza nao wana neno quarrel kwa ugomvi wa kila siku, nalo lilitoka katika neno la Kilatini querela, maana yake malalamiko. Angalieni tofauti iliyopo. Ugomvi wa Waingereza ulianza na sauti ya mtu mmoja anayelalamika. Shauri letu lilianza na sauti za watu wawili au zaidi wanaolitafuta neno jema.

Siku hizi twasikia zaidi neno mgogoro: mgogoro wa ardhi, mgogoro wa maji, hata mgogoro wa usharika. Kamusi za zamani zaeleza mgogoro kuwa ni kizuizi kilicholala njiani. Tutazame basi: mgogoro wamzuia mtu asipite, lakini shauri lamwita aketi. Jambo lenyewe huenda ni moja, mpaka ule ule na mfereji ule ule; bali jina tulipalo laonyesha jinsi tunavyolikabili.

Sasa tumefika kwenye kituo cha tatu cha safari, nacho ndicho kinachotuhuzunisha. Mtoto akikataa kuvaa koti asubuhi ya baridi, mama yake humwambia, "Shauri yako!" Mtu akionywa juu ya deni asisikie, rafiki zake husema, "Shauri yake." Maana yake ni hii: mimi nimetoka katika jambo hili, yatakayokupata ni yako peke yako. Tazameni jinsi neno lilivyogeuka. Lilikuwa jina la watu kukaa pamoja, nalo limekuwa jina la watu kuachana. Hata sarufi yake imeharibika, kwa maana yapasa kusema shauri lako, lakini twasema shauri yako, kama kwamba neno limetoka katika jamaa yake likawa yatima. Hatusemi ya kuwa kulitamka ni dhambi. Mama yule hamchukii mwanawe, na huenda dakika ile ile akamfuata njiani na koti mkononi. Hatari i pale tunapolifanya neno hili kuwa mlango wa kutokea.

Wazee wetu hawakuwa malaika. Walipigana vita, Moshi na Kibosho, Kibosho na Machame, wakatekana ng'ombe na watu. Lakini walijua kwamba kuna magomvi ambayo hayawezi kuachiwa wagombanao, kwa sababu mlima wetu haumpi mtu nafasi ya kuishi peke yake. Mfongo ulichimbwa na watu wengi, ukaleta maji kutoka korongoni hata vihambani, na maji yaligawanywa kwa zamu. Aliyeyafunga maji usiku hakumkosea jirani mmoja tu, bali na jirani wa jirani yake, na wote waliokaa chini yao. Mpaka wa kihamba ulikuwa mstari wa masale. Na jambo hili latustaajabisha kila tulifikiripo: isale lile lile lililopandwa kuwatenga watu katika mashamba yao ndilo lililochukuliwa kuwapatanisha. Aliyemkosea mwenzake alitwaa jani la isale akampelekea, na ilikuwa vigumu sana kwa mtu kulikataa. Desturi hiyo ingaliko hata sasa.

Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekuja nchi hii mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga, kilichopigwa chapa mwaka 1926. Alifundisha kwamba mtu amefungwa kwa vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Wako waliomlaumu kwamba aliyapenda mno mambo ya kale. Nasi hatutaki yote ya kale yarudi. Katika vikao vile mara nyingi mwanamke hakuwa na sauti, na maskini asiye na ndugu alikosa mtetezi. Lakini katika jambo hili twaona aliona sawasawa. Mtu aliyefungwa kwa vifungo vitatu hawezi kuwa na shauri lililo lake peke yake. Akivuta upande wake, kamba zote hutikisika.

Leo magomvi ya mipaka ni mengi, na sababu zake zaonekana. Kahawa ilipoenea, na wakulima wakaunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, kihamba kilipata thamani ya fedha. Watu nao wameongezeka. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 650,000 katika mkoa mzima wa Kilimanjaro. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 1,860,000. Mlima haukuongezeka. Kihamba ambacho babu alikigawa kwa wana wawili, mwana hawezi kukigawa tena kwa wanne wakapata wote mahali pa kupanda migomba. Serikali imeliona jambo hili, na sheria ya mwaka 2002 iliagiza kila kijiji kiwe na Baraza la Ardhi lenye watu saba, watatu kati yao wawe wanawake. Na kazi ya baraza hilo ni kuwasuluhisha watu. Sheria yenyewe, basi, yataka watu waketi kwanza. Lakini sheria haiwezi kumpa mtu moyo wa kuketi.

Sasa yatupasa kueleza habari yetu wenyewe, wala hatuielezi kwa furaha. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukiuchunga, walikuwako ndugu wawili, baba yao mmoja na mama yao mmoja. Mkubwa alikuwa amepewa sehemu ya juu ya kihamba, na kitinda mimba, kama ilivyo desturi, alibaki na nyumba ya baba na sehemu ya chini. Baada ya kifo cha baba yao masale ya mpakani yaling'olewa usiku mahali pamoja, mapana yake hatua tatu. Kila mmoja alisema kwamba ni mwenziwe aliyeyang'oa. Siku ya Jumamosi, alasiri, yule mdogo alitujia tulipokuwa tukitengeneza mahubiri ya kesho yake. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama barazani, kofia yake mkononi, akasema, "Baba Mchungaji, hatutaki utuhukumu. Kaka naye amekubali uje. Twaomba usimame tu pale katikati yetu, nasi tukuonyeshe palipokuwa na masale."

Tulizitazama karatasi zetu, tukaitazama na njia, maana ilikuwa masika na matope yalikuwa mengi. Tukamjibu, "Ndugu yangu, hilo ni shauri yenu wenyewe na serikali ya kijiji. Kanisa haligawi mashamba." Akasema, "Haya, Mchungaji, asante," akavaa kofia yake akaenda. Nasi tukarudi mezani. Mahubiri yale yalihusu nini, hatukumbuki tena.

Wakaenda kijijini, kisha katani, kisha katika baraza la wilaya mjini Moshi. Mashahidi waliitwa, na mashahidi walikuwa jamaa zao, basi ukoo ukagawanyika pande mbili. Mmoja aliuza ng'ombe wake wa maziwa kwa ajili ya gharama. Mwingine alikata miti aliyokuwa amewapandia watoto. Miaka minne ilipita hivyo. Kanisani waliketi mbali mbali, kisha wote wawili wakaacha kuikaribia Meza ya Bwana. Mwishowe yule mdogo alishinda. Alipewa karatasi yenye mhuri, na zile hatua tatu zikawa zake.

Mwaka uliofuata yule mkubwa aliugua, akafa. Kaburi lilichimbwa kihambani mwake, si mbali na mpaka ule. Tulipokwisha kuomba, yule mdogo alipita katikati ya watu akaja hata mbele yetu, na mkononi mwake mlikuwa na jani la isale. Kwa muda hakuweza kusema. Kisha akatuuliza, "Mchungaji, hili nimpe nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulilipokea, tukalishika pamoja na kitabu cha ibada hata mwisho wa maziko. Jioni tulikwenda naye kwa mjane wa marehemu, naye alilipokea, Mungu ambariki. Lakini aliyestahili kulipokea kwanza hakuwako. Nasi tulijua ya kuwa jani la pili lilitakiwa kutoka kwetu.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, wajilaumu bure. Je, Bwana wetu mwenyewe hakukataa kuwa mgawanyaji?" Ni kweli. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, naye alikataa kuwa mwamuzi wao. Hoja hiyo tulikuwa nayo siku ile, na ilitutuliza. Lakini someni hata mwisho. Bwana hakumwambia mtu yule, "Shauri yako." Alikataa kutoa hukumu, lakini hakukataa kutoa shauri. Hapo hapo alimwonya yeye na watu wote juu ya choyo, akawaambia mfano wa tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa na usiku ule ule akatakiwa roho yake. Yule mtu aliomba kipande cha shamba, akapewa neno la kumwokoa yeye na ndugu yake. Sisi tulishika nusu ya habari, tukaiacha nusu.

Mwingine atasema, "Wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Methali hiyo twaipenda, nayo ina hekima. Yamwonya mtu asiushabikie ugomvi wa ndugu, kwa maana kesho watapatana, naye ataachwa na aibu yake. Lakini yatazamia kwamba watapatana. Na wasipopatana, tutavuna nini?

Sisi Walutheri tunao mfano mwingine tusioutumia mara nyingi. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529 tunayowafundisha watoto wetu, alipoieleza amri ya tisa alituonya tusijipatie urithi wa jirani kwa hila, wala kwa njia iliyovaa sura ya haki tu. Watu wengi wayajua hayo kwa moyo. Wachache wakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyomaliza siku zake. Mwezi wa Januari 1546, akiwa na umri wa miaka 62 na mwili dhaifu, aliondoka Wittenberg katika baridi kali kwenda Eisleben, mji aliozaliwa. Watawala wa Mansfeld, watu wa jamaa moja na wengine wao ndugu kabisa, walikuwa wakigombania mali na haki zao, naye aliombwa awapatanishe. Njiani mto Saale ulikuwa umefurika, akachelewa siku kadhaa katika mji wa Halle. Alipofika aliketi nao karibu majuma matatu, pamoja na wanasheria ambao maneno yao yalimchosha sana. Mapatano yalipatikana katikati ya Februari, na tarehe 18 ya mwezi ule Luther akafa katika mji ule ule. Yeye aliyekuwa amebishana na wakuu wa dunia, kazi yake ya mwisho ilikuwa kukaa katikati ya ndugu waliogombania mali. Hayo tulifundishwa chuoni. Tulipoyasoma tena baada ya maziko yale, tuliikumbuka njia yetu yenye matope. Urefu wake hauzidi nusu saa ya kutembea.

Basi twasema nini? Hatusemi kwamba wachungaji na walimu wawe mahakimu. Kuna mambo ambayo lazima yapelekwe serikalini, tena upesi. Mtu akimpiga mkewe, au jamaa wakimfukuza mjane na yatima katika kihamba, wazee wasiketi na kusema, "Tutayamaliza nyumbani," huku aliyeonewa akinyamazishwa. Upatanisho usiwe shuka la kufunika dhuluma. Kumpeleka mwenye kuonewa mahali patakapopata haki yake, na kufuatana naye hata mlangoni, hilo nalo ni shauri jema.

Bali twasema kwamba kati ya hukumu na kujitenga kuna nafasi kubwa, nayo ndiyo mahali petu. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao awezaye kuamua mambo ya ndugu na ndugu. Hakuuliza kama kuna mwenye cheo. Huyo mtu mmoja aweza kuwa mama wa jirani, au mzee wa usharika, au mwalimu wa watoto. Aende mapema, siku zile masale yalipong'olewa, kabla mashahidi hawajaitwa na kabla ng'ombe hajauzwa. Asende kwa mmoja tu, maana asikilizaye upande mmoja amekwisha kuhukumu. Asikilize kuliko kusema, akiikumbuka kazi ya asali. Na wakikataa kupatana, asiseme, "Shauri yenu." Aseme, "Nitarudi."

Tena yuko mwingine ambaye hatuna budi kumsemesha, naye ni yule mwenye ugomvi mwenyewe. Ndugu yangu, pengine haki i upande wako. Pengine utashinda. Lakini jipime ukaone ushindi huo utakuwa na mapana ya hatua ngapi, na ni nani atakayekaa nawe juu yake. Isaka hakuwa mnyonge alipoviacha visima viwili. Alichimba tena, naye akapata nafasi. Jani la isale ni jepesi kulichukua wakati mwenzako angali na mikono ya kulipokea.

Siku hizi mtu akija barazani petu Jumamosi alasiri, twaziacha karatasi, twavaa viatu vya matope, twaenda naye. Si mara zote twafaulu. Mara kadhaa tumerudi usiku, tumelowa, na watu hawakupatana. Katika habari moja tumekwenda mara tano, na mpaka sasa hawajaketi pamoja. Lakini wajua ya kuwa tutarudi, nao hutuandalia kiti.

Basi, wapenzi, kila mmoja wetu na afikiri juu ya shauri moja analolijua, la nyumba ya jirani au la nyumba yake mwenyewe, ambalo amelipita kwa kusema kwamba si lake. Na kabla mwezi huu haujaisha aende akalikalie. Bwana na awape amani, na awape nafasi.